Vibamba Visivyoonekana: Kuchagua Chuma cha Ndani ya Kisu cha Kukunja

Kisu cha kukunja kikijifunga ghafla kikamkata mtu kidole, lawama huangukia makali. Watu husema kisu kilikuwa kikali mno. Ukikibomoa kisu hicho, aghalabu utakuta fundi alichagua springi nzuri ya lori kwa ajili ya bapa, akalipika na kulinoa mpaka likanyoa nywele za mkono, kisha ndani ya mpini akatia vipande vya shiti vilivyobaki alipotengeneza mlango wa mtu. Bapa halikuwa na kosa. Kilichoshindwa ni vile vibamba viwili ambavyo mnunuzi havioni na muuzaji havitaji.

Makala hii inahusu vibamba hivyo. Ni ya fundi wa jua kali mjini Machakos, Tala, Masii au Matuu anayetaka kisu chake kidumu, na ni ya mnunuzi pia: mchinjaji, mchongaji, mlinda mifugo, na hasa mkulima anayepandikiza miembe. Machakos na jirani yake Makueni ni miongoni mwa kaunti zinazoongoza kwa maembe nchini, na mpandikizaji hufungua na kufunga kisu kutwa nzima, vidole vyake vikiwa vimeloa utomvu. Kwa kazi kama hiyo, ndani ya kisu kuna maana sawa na makali yake.

Ukiondoa mbao za mpini wa kisu cha kukunja utaona mabamba mawili membamba, moja kila ubavu. Bapa likifungwa hulala katikati yake. Pini ya kiungo hupita bamba la kwanza, ikapenya shina la bapa, ikatokea bamba la pili. Mabamba ndiyo hushika pini isipanue tundu, huzuia mbao zisipasuke, na hulipa bapa njia iliyonyooka. Vipo visu visivyo na mabamba, mpini mtupu wa mbao au pembe na pini moja, na kwa kumenya chungwa vinatosha. Lakini mbao hulika. Tundu likishalika, bapa linacheza kushoto na kulia, na kisu kinachocheza hukata pale ambapo mwenyewe hakukusudia.

Kabla ya kutafuta chuma, amua bamba litafanya kazi gani. Kuna kazi mbili, na chuma kinachofaa ya kwanza kinaweza kuwa hatari katika ya pili.

Kazi ya kwanza ni ya ukuta. Hapa kisu kina springi mgongoni, kipande kizito kinachosukuma shina la bapa na kulishikilia likiwa wazi au limefungwa. Bamba halisukumi chochote, linatenga tu na kushikilia. Kazi ya pili ni ya kufuli. Katika visu vya namna hii bamba moja hupasuliwa kwa urefu, na ule ulimi uliopatikana hukunjwa kidogo kuelekea ndani. Bapa likifunguka, ulimi huruka na kusimama nyuma ya shina lake, na bapa halirudi mpaka uusukume kando kwa kidole gumba. Wazo hili lilipata hataza Marekani mwaka 1906 na likatumiwa kwenye visu vya mafundi wa umeme. Mtengenezaji visu Mmarekani, Michael Walker, ndiye aliyeliboresha mwanzoni mwa miaka ya 1980 likawa kama tunavyoliona leo. Visu vingi vya bei nafuu vinavyouzwa kwenye vibanda vya stendi zetu ni vya namna hii, na ndivyo ninavyovihofia zaidi, kwa sababu usalama wote wa vidole umewekwa juu ya ulimi wa chuma wenye unene wa milimita moja na nusu.

Tuanze na ukuta, maana hapo uchaguzi ni mpana na makosa yake yanarekebishika.

Chuma laini cha kawaida, ile shiti nyeusi ya milango na madirisha, kinafaa. Geji 18 ina unene wa milimita 1.2 hivi na geji 20 inakaribia milimita 1. Kinakatika kwa mkasi wa bati, kinatoboka kwa drili yoyote, na ribiti hukaa vizuri juu yake. Udhaifu wake ni kutu. Jasho la mkono na utomvu wa embe huingia kati ya bamba na mbao, na huko kitambaa hakifiki. Ukikitumia, kipake mafuta ya nazi au grisi nyepesi kabla ya kukifunga, na umwambie mteja atie tone la mafuta kiungoni kila wiki. Usilikimbilie bati la paa. Geji 30 ni nyembamba mno, inajikunja ukiibana kwa vidole, tena limepakwa zinki. Bati la zinki likipata moto hutoa moshi mweupe, na fundi anayeuvuta hushikwa saa chache baadaye na homa, baridi na kifua kubana. Wachomeleaji wengi huamini kikombe cha maziwa kinaosha moshi huo. Hakiuoshi. Kinachomkinga mtu ni kutolipasha moto bati hilo kabisa.

Brasi, shaba ya njano ya koki za maji na kufuli, ndiyo ambayo watengenezaji wa visu vya kukunja wameitumia kwa muda mrefu zaidi kwa kazi ya ukuta, na sababu zao ni nzuri. Haishiki kutu nyekundu. Chuma cha bapa huteleza juu yake bila kukwaruzana. Hukatika na kutoboka kwa urahisi, na ukiigongagonga ikiwa baridi hukaza. Ubaya wake ni uzito, maana inakizidi chuma kidogo, na huota ukungu wa kijani inapokutana na chumvi na jasho. Wapi utaipata Machakos? Usihangaike na koki, hizo zilimiminwa kwenye kalibu na ni nene. Nenda kwa wanaovunja magari na utafute rejeta kuukuu ya lori, ile ya zamani kabla hazijaanza kutengenezwa kwa aluminiamu na plastiki. Tangi lake la juu na la chini ni shiti safi ya brasi, na tangi moja linatoa mabamba ya visu kadhaa. Ila viungo vya rejeta hiyo vimeunganishwa kwa risasi. Kata mbali na viungo, usivichome, na unawe mikono kabla ya kula.

Stenlesi huvutia macho ya wateja, na kwa ukuta inafaa. Sinki kuukuu la jikoni kwa kawaida ni stenlesi inayoitwa 304, yenye unene unaokaribia milimita moja, na haishiki kutu kwa urahisi hata kwa mchuzi wa nyama. Lakini ijue tabia yake. Stenlesi ikisuguana na chuma kingine bila kitu katikati hukwaruzana na kushikana, kisu kikawa kizito kufunguka. Tia washa nyembamba ya brasi kila upande wa bapa. Jambo jingine, na hapa mafundi wengi hupotea: 304 haikazwi kwa moto. Uipashe mpaka iwe nyekundu, uizamishe kwenye mafuta, itatoka laini vilevile. Sumaku haitakuokoa katika hili. Ni kweli 304 haivutwi na sumaku au huvutwa kidogo tu, lakini 430 ya baadhi ya sufuria za stenlesi huvutwa kwa nguvu na bado haikazwi. Stenlesi zinazokazwa kwa moto, kama 420, ni nyingine, na katika skrapu huwezi kuzitambua kwa macho. Kama huna karatasi ya muuzaji inayotaja aina, ichukulie stenlesi uliyoiokota kuwa ya ukuta peke yake.

Aluminiamu ni nyepesi, theluthi moja ya uzito wa chuma, lakini tundu la pini hupanuka ndani yake upesi. Iache.

Sasa kufuli. Hapa nasema wazi: bamba la chuma laini lisitumiwe kamwe kama ulimi wa kufuli. Chuma laini ukikikunja hubaki ulivyokikunja. Siku ya kwanza ulimi utaruka vizuri, kwa sababu fundi ameukunja kwa koleo. Baada ya kufungua na kufunga mara nyingi utachoka, utaanza kuchelewa, na siku mtu atakapobonyeza ncha ya kisu kwenye kamba ya mkonge utateleza pembeni na bapa litashuka juu ya vidole. Sinki la stenlesi lina hatari hiyohiyo. Ulimi unataka chuma chenye uspringi, kinachopinda na kurudi.

Viwanda vikubwa hutumia stenlesi iliyokazwa au titani. Titani ina zaidi kidogo ya nusu ya uzito wa chuma, haishiki kutu, na ina uspringi wa kutosha. Mchanga wenye madini ya titani umechimbwa hapa kwetu, Kwale, na kampuni ya Base Titanium, meli ya kwanza ikaondoka mwaka 2014 na uchimbaji ukafungwa Desemba 2024. Madini hayo yalisafirishwa ng'ambo yakiwa mchanga, na shiti ya titani tukiihitaji hununuliwa huko kwa bei isiyolingana na kisu cha soko la Machakos. Fundi asijisumbue nayo.

Jibu letu liko kwa seremala. Msumeno wa mkono uliochakaa ni chuma chenye kaboni ya kutosha, kilichokwisha kukazwa na kulegezwa kiwandani kwa kiwango cha springi. Ukiupinda hurudi. Unene wake ni milimita 0.8 hadi 1 hivi, unaotosha kabisa kwa bamba la ukuta. Kwa ulimi wa kufuli tafuta kilicho kinene zaidi, kati ya milimita 1.2 na 1.6. Msumeno mpana wa mkanda, ule wa mashine za kupasulia magogo, mara nyingi huangukia hapo, nao ni chuma bora kuliko chochote utakachokipata kwa bei hiyo. Ukikatika, wenye mashine huuza vipande kwa kilo.

Kazi yake ina masharti. Ukikata kwa grainda, kata kidogo, zamisha kwenye maji, kata tena. Ukiona ukingo umegeuka buluu, uspringi wa sehemu hiyo umepungua, na buluu ikifika penye ulimi hicho kipande tupa. Kutoboa ni kugumu kwa sababu chuma tayari ni kigumu. Njia ya mafundi ni kulegeza mahali pa tundu tu: funga msumari mnene kwenye drili badala ya keekee, uzungushe kwa nguvu palepale mpaka msuguano ulete moto na doa la buluu, acha papoe, kisha toboa. Kwa kufuli, sehemu ya shina la bapa inayopokea ulimi ichongwe kwa mteremko wa nyuzi 8 hivi. Ukiwa mkali zaidi ulimi huteleza, ukiwa mdogo mno ulimi hunasa na kidole gumba kikashindwa kuutoa. Kisu kikiwa kipya ulimi usimame mwanzoni mwa shina, ili ukilika kwa miaka uwe na nafasi ya kusogea ndani.

Fundi anayeanza, ushauri wangu ni usitengeneze kufuli la ulimi. Tengeneza kisu cha springi ya mgongoni. Kinasamehe makosa madogo ya unene, na vyuma vyake vyote unavipata mjini.

Springi hiyo ya mgongoni na bapa lenyewe vinaweza kutoka kwenye chuma kimoja, yaani springi bapa ya pikapu au lori. Chuma cha springi za magari kina kaboni karibu asilimia 0.6, pamoja na kromiamu au manganizi kidogo, na ndicho kilichokuwa kikitengeneza panga, visu na tezo za jua kali kwa miaka mingi. Kinatofautiana sana na flati ya dukani. Viwanda vya Athi River, ndani ya kaunti yetu hii, vikiwemo vya Devki, hutoa chuma cha ujenzi, nondo na kadhalika, na hicho ni kizuri kwa nyumba na mageti. Kaboni yake ni ndogo. Flati laini hiyo ukiipika na kuizamisha bado tupa itaila, na springi ya mgongoni iliyotokana nayo italala ndani ya mwezi.

Unaponunua springi kuukuu kuna swali moja la kumuuliza muuzaji: "Mzee, hii ilitolewa nzima au ilivunjika garini?" Springi iliyovunjika huwa na nyufa nyingine ndogo zisizoonekana, na ufa huo utakuja kumalizikia ndani ya kisu chako. Hata iliyotolewa nzima ipime. Isugue kwa msasa mpaka ing'ae, iloweke kwenye mafuta ya taa kwa nusu saa, ipanguse ikauke kabisa, kisha ipake chokaa ya ubaoni na usubiri. Palipo na ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatapanda na kuchora mstari mweusi juu ya weupe. Kipimo hiki ni cha shilingi chache, na kinaokoa kazi ya siku mbili.

Kama hujui chuma ulichonacho, kisogeze kwenye jiwe la grainda mahali penye kivuli na uangalie cheche. Chuma laini hurusha mistari mirefu, myeupe-njano, yenye matawi machache. Chuma cha springi hupasua vinyota vingi, na tupa kuukuu, yenye kaboni kama asilimia 1 au zaidi, hupasua vinyota vizito karibu kabisa na jiwe. Stenlesi ya sinki hutoa cheche fupi za rangi ya chungwa zisizopasuka. Brasi haitoi chochote. Weka kando kipande cha msumari, kipande cha springi na kipande cha tupa unavyovijua, uvilinganishe kila mara na kigeni. Baada ya hapo kata ukanda mdogo wa chuma hicho, upashe mpaka sumaku iache kuuvuta, uongeze moto kidogo, uuzamishe kwenye mafuta, uubane kwenye jiliwa na uuvunje kwa nyundo. Ukipinda tu, hakuna kaboni. Ukikatika, tazama mahali palipokatika: chembe za kijivu, laini, zisizoonekana mojamoja, ndizo nzuri. Zikiwa kubwa zinazometameta kama sukari, ulizidisha moto. Chuma kinafaa, ila punguza moto.

Moto wenyewe una hatua mbili, na ya pili ndiyo hurukwa. Sumaku huachia kwenye nyuzi 770 hivi za selsiasi. Chuma cha springi kinataka kupita hapo kidogo, nyuzi 830 hadi 860, kisha kizamishwe kwenye mafuta ya kupikia yaliyopashwa mpaka nyuzi 50 au 60. Kikitoka hapo kimekaza lakini ni chepesi kuvunjika, lazima ukilegeze. Bapa hulegezwa kwenye nyuzi 200, saa moja, mara mbili, na rangi yake ikiwa safi hugeuka kuwa ya majani makavu. Springi ya mgongoni inahitaji moto mkubwa zaidi, kwa sababu inapaswa kupinda maelfu ya mara bila kukatika. Kama huna oveni inayofika huko, kuna njia ya kale ya watengenezaji springi: chovya kipande kwenye mafuta, kiweke juu ya makaa ya taratibu mpaka mafuta yawake kote, acha moto ujizimie wenyewe, rudia mara tatu, kisha kiache kipoe. Fanya hivyo nje, mbali na pipa la mafuta, watoto wakiwa mbali. Halafu kibane ncha moja kwenye jiliwa, kisukume milimita tatu au nne, na uachie. Kikirudi kwenye mstari wake, kiko tayari. Kikibaki kimepinda, rudi mwanzo. Kikikatika hakikulegezwa vya kutosha, na ni heri kikatike hapo kuliko mfukoni mwa mtu. Ulimi wa kufuli nao upimwe hivyohivyo kabla haujaingia ndani ya mpini.

Kufunga kisu ndipo mabamba hupata au hukosa faida yake. Toboa yote mawili yakiwa yamebanwa pamoja, ukiyatoboa mojamoja matundu hayataonana. Yasugue juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo mpaka yawe tambarare. Bapa liwe jembamba kuliko springi ya mgongoni kwa unene wa unywele tu, la sivyo litabanwa. Wakati wa kugonga pini ya kiungo, weka kipande cha karatasi kilicholoweshwa mafuta kati ya bapa na bamba, ugonge mpaka pini itune vichwa, kisha ivute karatasi uichane itoke. Nafasi iliyobaki ndiyo inayolipa bapa uhuru wa kuzunguka. Pini ya brasi au msumari wa chuma laini vyote hutuna vizuri chini ya nyundo. Anayeuza pwani atumie brasi kwa bamba na pini pia, maana hewa ya chumvi hula chuma haraka mahali kinapogusana na shaba.

Juu ya mabamba huja mpini. Ukambani hatuna uhaba wa watu wanaojua mbao. Wamunyu, upande wa mashariki wa kaunti, ndiko uchongaji wa Wakamba ulikoanzia baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, pale Mutisya Munge aliporudi na ufundi alioujifunza kwa Wamakonde wa Tanganyika. Omba masalio ya mchongaji, vipande vidogo visivyomfaa, vinatosha mpini. Mwarobaini unafaa na unapandwa kwa wingi. Mpingo ni mzuri mno lakini hukua polepole, na tangu Januari 2017 umo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini, hivyo shehena kubwa ya visu vya mpingo inayovuka mpaka inaweza kudaiwa karatasi. Mbao yoyote iwe imekauka. Iliyokatwa wakati wa mvua za Novemba ikafungwa mbichi juu ya bamba itasinyaa ifikapo Februari, na utaona ukingo wa bamba umechomoza na kukwangua kiganja. Pembe na mifupa ya ng'ombe ni mbadala mzuri, na kaunti hii inachinja ng'ombe wa kutosha. Kiwanda cha Tume ya Nyama kiko Athi River tangu miaka ya 1950. Pembe za ndovu usiziguse kwa hali yoyote, Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ina adhabu kali sana. Gundi ya araldaiti hushika vizuri kama bamba limekwaruzwa kwa msasa mkavu na kufutwa mafuta. Juu ya stenlesi iliyong'arishwa haishiki, kwa hiyo usitegemee gundi peke yake, tia na ribiti.

Neno kuhusu kununua vyuma chakavu. Kenya ina Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015, na wauzaji wanatakiwa wawe na leseni na waandike waliyonunua na kutoka kwa nani. Januari 2022, baada ya minara ya umeme kuanguka kwenye laini ya Kiambere hadi Embakasi na nchi kukosa umeme, serikali ilisimamisha biashara hii yote kwa miezi kadhaa, na mafundi waaminifu wakaumia pamoja na wezi. Ukiletewa klipu za reli, kwa mfano, hizo ni chuma kizuri sana cha springi, na ni mali ya wizi. Zikatae. Garimoshi linategemea klipu hizo. Nunua kwa mwenye leseni na utunze risiti.

Mnunuzi naye asitoe pesa kabla ya kukagua. Fungua kisu, kishike mbele ya mwanga, utazame kati ya bapa na mabamba: nafasi iwe sawa pande zote mbili. Shika ncha ya bapa kwa kitambaa uisukume kushoto na kulia, isicheze. Kikiwa cha kufuli, kifungue, geuza mgongo wa bapa chini, ukibonyeze juu ya ubao kwa nguvu ya kiasi huku vidole vyote vikiwa nje ya njia ya makali. Kisijifunge. Rudia kama mara kumi, halafu tazama ulimi umesimama wapi. Ukiwa umesogea kutoka pale ulipokuwa, hicho ni chuma laini, mrudishie. Muulize bamba ni la nini. Anayejua atakujibu papo hapo, "ni msumeno," au "ni brasi ya rejeta." Kisu ulichokwisha kununua kikaanza kulegea hakihitaji kutupwa ikiwa bapa ni zima: fundi anaweza kusaga vichwa vya pini, akazitoa kwa nyundo na sindano, akakata mabamba mapya kwa kufuata yale ya zamani. Ni kazi ya asubuhi moja. Mpelekee, na umwambie unataka chuma gani ndani. Ukikibeba, kibebe kwa kazi: kifungu cha 88 cha Kanuni ya Adhabu kinamwona mkosaji anayetembea na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna ya kuwatia watu hofu. Na ukienda uwanja wa ndege, kiweke kwenye mzigo unaokabidhiwa, usikitie kwenye mkoba wa mkononi.